Mjadala: Mchoraji anayerudia mtindo mmoja maisha yake yote, ana la kusema au anauza chapa?

Mleta Mada: Wachoraji wengi wenye majina makubwa leo hutambulika kwa jambo moja tu: Yayoi Kusama kwa nukta zake, Amy Sherald kwa ngozi ya kijivu anayowapa watu weusi anaowachora, Damien Hirst kwa madoa ya rangi ambayo hata brashi yenyewe aliwaachia wasaidizi. Kwa upande mwingine yupo Gerhard Richter, aliyechora picha zinazofanana na fotografia iliyotikisika, akaja na vibao vya rangi, kisha akatia fora kwa michoro isiyo na umbo lolote. Je, kurudia mtindo mmoja miaka nenda miaka rudi ni uaminifu kwa kile kilichomsukuma mchoraji, au ni hofu ya kumpoteza mnunuzi?

Rangi Mbichi: Umemweka Kusama katika fungu lisilo lake. Mama yule amesimulia kwamba tangu utotoni alikuwa akiona nukta na maua yakitapakaa mbele ya macho yake, na tangu miaka ya 1970 anaishi kwa hiari yake katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Tokyo, huku akiendelea kuchora. Mtu anayechora kinachomwandama huwezi kumdai abadilishe mtindo kama abadilishavyo shati.

Msumari: Mimi yaliyonichoma ni hayo ya wasaidizi, ambayo mleta mada ameyapitia haraka kana kwamba ni aibu iliyokwisha kuthibitishwa. Rubens, mchoraji wa karne ya 17, alikuwa na karakana nzima kule Antwerp, na bei ya picha ilipanda au kushuka kulingana na kiasi ambacho mkono wake mwenyewe ulihusika, lakini hakuna anayemwita tapeli. Hirst naye hajaficha kitu: amesema hadharani kwamba sehemu kubwa ya picha zile zilichorwa na wasaidizi wake. Kilicho chake ni kanuni, yaani madoa yalingane kwa ukubwa na nafasi kati yao iwe sawa na upana wa doa lenyewe.

Kalamu Butu: Rubens alikuwa akirudi kwenye picha, akiusahihisha uso, akiupa mkono uhai. Katika madoa ya Hirst hakuna cha kurudi kusahihisha: ukisogea karibu unakuta ukingo uliokatwa safi, usio na mahali hata pamoja ambapo brashi ilisita. Ndiyo maana mwaka 2012 yaliweza kutundikwa kwa wakati mmoja katika majumba yote 11 ya Gagosian, mfanyabiashara wa sanaa, toka New York hadi Hong Kong, na kila mahali mtazamaji akaona kitu kile kile. Nadhani ndugu yangu Msumari hajawahi kushika brashi, ndiyo sababu tofauti hii haimuumi.

Msumari: Kushika brashi si sharti la kuwa na macho, ndugu. Basi tumrudie huyo huyo Richter anayesifiwa hapa. Dirisha lake katika Kanisa Kuu la Köln, lililozinduliwa mwaka 2007, lina vipande vya kioo vya mraba vipatavyo 11,500 vya rangi 72, na mpangilio wake kwa sehemu kubwa ulitokana na bahati nasibu ya kompyuta. Vioo vilikatwa na kuunganishwa na mafundi. Naye tumfukuze?

Mpita Njia: Ninyi mnabishana juu ya nani ameshika brashi, ilhali kuna mchoraji ambaye kazi ya mikono ya wengine ndiyo uso wa picha yake. Michael Armitage hachori juu ya turubai la kawaida, bali juu ya lubugo, gome la mutuba ambalo mafundi wa Uganda huligonga kwa nyundo za mbao mpaka litandae kama kitambaa. Gome hilo huwa na matundu, makunyanzi na mishono, na mchoraji hawezi kuyapuuza: mara mshono unapita katikati ya mwili wa mtu, mara tundu linakaa pale ambapo jicho lilikuwa linatafuta kitu. Huo ndio mtindo unaozaliwa na ukinzani wa kitu chenyewe, na ndiyo sababu hauchoshi hata ukirudiwa.

Rangi Mbichi: Hapo sikubali. Kwa Waganda lubugo ni nguo ya kuzikia, kwa hiyo picha inapata uzito kabla ya rangi ya kwanza kupakwa. Tunamsifu mchoraji, au tunausifu uzito aliouazima? Wahakiki wengi huanza na gome na kumalizia na gome, na picha yenyewe hupata sentensi mbili.

Mpita Njia: Hilo ni kosa la wahakiki. Armitage hakuficha anakodaiwa: katika maonyesho yake kwenye Royal Academy jijini London mwaka 2021, alitenga nafasi kwa ajili ya kazi za Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu na wengine waliomtangulia Afrika Mashariki.

Mleta Mada: Nawaomba turudi kwenye swali la kurudia mtindo. Sherald bado hajajibiwa.

Kalamu Butu: Sherald hana kesi. Kijivu kile kinamnyima mtazamaji njia rahisi ya kumsoma mtu kwa rangi ya ngozi, kwa hiyo macho yanabaki na mkao, vazi na namna mtu anavyokutazama. Hata picha ya Michelle Obama ya mwaka 2018 imesimama juu ya gauni kuliko juu ya uso. Lakini Mpita Njia asituponyoke. Waliomtangulia Armitage wametajwa kwa majina kwa sababu ni wachoraji. Je, fundi aliyeligonga gome naye alistahili kuandikwa kwenye kibao kando ya picha?

Msumari: Alistahili, na aliyepaka madoa ya Hirst pia. Nangoja kuona kama utalikubali la kwanza na kulikataa la pili.