Baridi ya Iringa na kufinya kucha: nitajuaje kama damu inazunguka vizuri?

nesi_mtarajiwa:
Kamweneni wakuu, na shikamooni walio juu yangu. Nipo fildi huku Iringa vijijini, uuguzi mwaka wa pili, na baridi ya mwezi wa 7 mnaijua wenyewe. Saa 12 asubuhi tunaanza kuzunguka wodini na mashine ya presha. Darasani tulifundishwa finya kucha, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2, ikizidi hapo damu haifiki vizuri. Sasa huku nikifinya, karibu wodi nzima inazidi, mpaka kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu ambaye anapiga stori na kucheka. Oksimita (kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu) nayo inazingua, mara vistari tupu, mara asilimia 81 kwa mtu anayekunywa uji wake freshi kabisa. Halafu kuna bibi mmoja wa shida ya moyo, miguu imevimba, yeye ndo ninayemhofia lakini kucha zake zinakuja sawasawa na za wenzake. Niandike nini kwenye faili? Na mkufunzi akisema mpime moyo na mzunguko wa damu mnaanzia wapi jamani, mana wagonjwa ni wengi na saa 2 raundi ya daktari inaanza.

SistaWaUyole:
Marahaba mdogo wangu. Hapo umepima baridi, hujapima moyo. Mwili ukipata baridi unabana mishipa midogo ya vidoleni ili joto libaki ndani, ndo maana wodi nzima inafanana. Kwanza pasha mikono yako mwenyewe, usiwaguse watu na vidole vya barafu. Mwambie mgonjwa aingize mikono ndani ya blanketi, endelea na wengine, ukirudi baadae inua kile kidole kiwe usawa wa moyo, finya sekunde 5, achia, hesabu. Mkono ukishapata moto na rangi bado inachelewa, hilo sasa ni jambo. Unaweza kufinya pia kwenye mfupa wa kidari, ila kwa ngozi zetu hizi unahitaji mwanga mzuri, usifanyie gizani chini ya chandarua.

Kitu kingine, pitisha mgongo wa kiganja chako kutoka vidoleni kwake ukipanda kuelekea kiwiko uone ubaridi unaishia wapi. Vidole tu vikiwa baridi ni asubuhi ya kwetu hiyo. Ubaridi ukipanda mpaka juu ya kifundo cha mkono, mapigo yanakimbia na ni membamba, mkojo umepungua, mtu anaanza kuongea visivyoeleweka, usisubiri presha ishuke ndo uamini, mwite daktari hapohapo. Presha huwa inachelewa kushuka, hasa kwa vijana.

Weupe uangalie ndani ya kope la chini na kwenye ulimi. Kucha za bluu zinaweza kuwa baridi tu, ulimi wa bluu baridi haihusiki. Na oksimita usiisome peke yake, shika mapigo ya mkononi wakati huohuo, kama mapigo inayoonyesha hayalingani na unayohesabu wewe basi hiyo 81 ni uongo, futa rangi ya kucha, sugua kidole, rudia. Kweli huku juu namba zinakuwa chini kidogo kuliko Dar (Mbeya tu hapa ni kama mita 1,700) lakini mwinuko wetu haukupi 81.

Kaka_Tukuyu:
Sista kamaliza vidole, mi naongezea ya bibi. Anza kabla hujamgusa. Analalia mito mingapi? Usiku aliamka akatafuta hewa? Anamaliza sentensi au anakata katikati? Hapo tayari umeshajua nusu.

Halafu mvue sweta dada yangu, wamama wa huku asubuhi wana sweta mbili na kitenge juu, na naona manesi wanafunga kafu (kile kitambaa cha mashine ya presha kinachojaa hewa) hapohapo juu ya nguo. Ukikunja mkono wa sweta ukabana juu ya kiwiko pia umeharibu. Mkono wazi, umeegemezwa usawa wa moyo, amekaa ametulia dakika 5, hapigi stori. Kafu ndogo kwenye mkono mnene inakupa presha ya juu ambayo haipo, huyo ataanzishiwa dawa bure.

Mapigo ya kifuani: nafasi ya 5 kati ya mbavu upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, titi liinue usisikilizie juu yake. Hesabu dakika nzima, achana na ile ya sekunde 15 mara 4. Kama hayana mpangilio mwite mwenzako ashike mkononi wewe usikilize kifuani, mnahesabu pamoja kwa saa moja ya ukutani. Kifuani 110 mkononi 86 maana yake kuna mapigo hayafiki, andika zote mbili. Na kama anatumia dijoksini (dawa ya moyo inayopunguza kasi ya mapigo), mtu mzima mapigo yakiwa chini ya 60 usimpe kwanza, toa taarifa.

Shingo: mwinulie kichwa cha kitanda kama nyuzi 45, angalia mshipa unaochezacheza upande wa kulia. Ukionekana umejaa juu zaidi ya sm 4 kutoka kile kinundu cha juu ya kidari, damu inarudi nyuma. Uvimbe bonyeza muundi, ila mgonjwa wa kulala tu maji yanahamia kiunoni kwa nyuma, mgeuze ubonyeze na huko. Na mzani kila asubuhi, baada ya kukojoa kabla ya kula.

mzee_wa_zamu:
Mambo ya kusikiliza moyo si ya daktari hayo, nesi ataanza kubishana na sauti mpaka lini

SistaWaUyole:
@mzee_wa_zamu hakuna aliyesema ataje jina la ugonjwa. Daktari anamuona bibi dakika chache, nesi yupo naye usiku kucha. Akisema "jana ilikuwa lab dab, leo kuna mvumo katikati" ametosha. Nyanda hizi vijana wenye valvu (vilango vya moyo) zilizoharibika na homa ya baridi yabisi ya utotoni tunawaona, na mama aliyejifungua juzi anaelemewa kupumua akilala usimwambie ni uchovu wa mtoto.

nesi_mtarajiwa:
Asanteni sana. Nimerudi kwa bibi saa 4 jua limetoka, mikono ina moto, kucha bado sekunde 4, kiunoni kunabonyea na shingo imejaa. Daktari keshaambiwa. Kwenye faili niandike tu "sekunde 4"?

Kaka_Tukuyu:
Andika saa uliyopima, mkono upi, na kwamba ulikuwa wa moto. Na ile ya asubuhi usiifute, iache na neno baridi mbele yake.