Filamu ya dakika 15 kuhusu mtu wa Lubumbashi: nimuulize nini?

mwana_kamalondo

Jambo wakubwa, jambo wenzangu. Niko mwaka wa tatu wa mawasiliano hapa Lubumbashi. Tuko wanne, tuna kamera moja ya kuazima na maikrofoni moja ya kubana kwenye kola. Mwalimu ametupa mpaka mwisho wa Julai tulete filamu ya hali halisi, dakika 15, juu ya "kuwa mtu wa hapa". Maneno hayo ni yake.

Wiki iliyopita tuliingia sokoni, komuni ya Kenya (mtaa mkubwa wa hapa hapa mjini, si nchi), na swali moja: "Weye ni Mukatanga?" Tuliuliza watu 11. Saba walijibu ndiyo haraka haraka, wakiitazama kamera kama mtu anayemtazama polisi. Wawili walisema wao ni Wakongo, basi. Mzee muuza makala, yaani mkaa, aliinuka akaondoka, akayaacha magunia yake pale pale. Na mama mmoja mwenye beseni la vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, alituuliza, "Nani alibatuma?" Tulijibu ni shule, lakini niliona usoni mwake kwamba jibu hilo halikumtosha.

Tulipoangalia picha usiku, hakuna hata dakika moja ya kutumia.

Kinachoniuma ni kwamba swali hili ninalo mwenyewe. Baba yake babu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba wakati wa Wabelgiji. Bibi ni Mbemba wa upande wa Luapula. Babu alizaliwa hapa mji ukiitwa bado Élisabethville. Baba alizaliwa hapa jimbo likiitwa Shaba. Mimi nimezaliwa hapa likiitwa Katanga, na tangu 2015 tunaitwa Haut-Katanga. Shangazi yangu aliyeolewa Kolwezi sasa ni mtu wa jimbo jingine, Lualaba, na hajahamisha hata kiti. Nikijaza fomu wanataka kijiji cha asili. Ninaandika jina la kijiji cha Kasai ambacho sijakikanyaga, wala babu hajakikanyaga. Nyumbani tunagombana, tunapatana na kuomba Mungu kwa Kiswahili.

Nimuulize mtu nini ili aniambie hayo bila kuogopa? Na mambo ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa hapa, niyaguse au niyapite? Babu huwa ananyamaza yakitajwa. Ukutani kwake ametundika msalaba mdogo wa shaba, ule wa zamani, nilifikiri tuanze filamu na huo.

mama_wa_likasi

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Yule mama wa vinkubala alikuuliza swali la haki. Hapa kwetu, mtu akija na karatasi kukuuliza wewe ni wa wapi, tumeshaona yanayofuata. Mimi nilikulia Likasi. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 14. Majirani zetu wa mkono wa kuume walikuwa watu wa Kasai, na mama wa nyumba ile ndiye aliyenifundisha kutwanga sombe (majani ya muhogo) bila kurusha majani nje ya kinu. Siku walipofukuzwa, walikwenda kulala stesheni na wenzao, maelfu ya watu, wakingoja treni. Walingoja miezi. Mama yangu alikuwa akiwapelekea bukari (ugali) jioni, akiwa amefunika sufuria kwa kitenge ili watu wasione anakwenda wapi.

Kabla ya kupanda treni yule mama alituma mtoto na kinu chake. Ujumbe ulikuwa neno moja tu: "Munichungie." Mpaka leo kiko kwangu. Ukingoni kina ufa wa urefu wa kidole, na ufa ule niliufanya mimi nilipokuwa mdogo, nikapigwa na mama wote wawili. Hawakurudi. Ninakitumia, kwa sababu kinu kisichotumika hukauka na kupasuka kabisa.

Sasa fikiria umenijia na maikrofoni, ukaniuliza, "Mama, wewe ni Mkatanga?" Ningesema ndiyo, ningefunga mlango. Lakini uniulize kinu hiki ni cha nani, tutakaa mpaka giza liingie.

Kwa hiyo acha swali la kabila. Muulize mtu nani alikaa nyumba ya kushoto, nani ya kuume. Nani alimshika mtoto siku ya msiba. Alijifunza Kiswahili kwa nani, kwa mama yake au barabarani. Siku ya mposho, magunia ya unga yalipotolewa kazini, nani aliyabeba na nani aliomba kikombe. Hayo ndiyo maisha ya kambi za wafanyakazi, na humo ndimo watu wa Kasai, Wabemba, Waluba wa Katanga, Walunda, hata waliotoka Rwanda, waligeuka kuwa watu wa mji mmoja.

Ya 1992 uyaguse, lakini usiende nayo mkononi. Kwa babu yako nenda mara ya kwanza bila kamera, na mara ya pili pia bila kamera. Akiyafungua mwenyewe, muulize kama uso wake uonekane au sauti tu. Ukimaliza kukata picha, mwonyeshe yeye kabla ya mwalimu. Akisema toa, unatoa. Filamu ya shule haistahili kumkosesha mzee usingizi.

fundi_sauti

Yaya, ndugu yetu mkubwa hapo juu, amesema yote ya moyo, mimi nitasema ya waya. Mna bahati kwamba ni kiangazi. Mvua ikipiga mabati hakuna maikrofoni inayoweza kukuokoa. Adui wenu sasa ni jenereta za majirani. Umeme ukikatika mtaa mzima unanguruma, kwa hiyo mahojiano yafanyeni asubuhi mapema, na betri zichajini usiku umeme ukirudi, hata kama ni saa nane.

Kabla ya kuuliza chochote, nyamazeni nusu dakika mkirekodi chumba kitupu. Mtakuja kunishukuru wakati wa kuunganisha.

Kama mnataka bomba refu la kiwanda na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, vipigeni picha kutoka mbali, kwenye barabara ya wazi. Walinzi wa pale hawana mchezo. Chukueni barua ya shule yenye muhuri na mpite komuni kujionyesha. Na msiuonyeshe mlima kama kitu cha milele. Tangu miaka ya 2000 unachotwa na kuyeyushwa upya kutafuta kobalti. Wenye picha za zamani za familia walizopiga mlima ukiwa nyuma yao wanaweza kuulinganisha, na hiyo peke yake ni sekunde 20 nzuri.

Jambo moja ninalosihi: msisahihishe Kiswahili cha watu kwenye maandishi ya chini. Mzee akisema "nilizaliwaka hapa", andikeni nilizaliwaka. Akisema "batoto", msiandike watoto. Niliwahi kufanya kazi kwenye filamu ambapo mtayarishaji alinyoosha kila sentensi ikawa ya redio, na wazee walipojiona hawakujitambua. Kama filamu ni ya kuonyesha mtu wa hapa ni nani, lugha yake ndiyo ushahidi wa kwanza.

msoma_kumbukumbu

Naongeza upande wa utafiti, kwa sababu hapo wanafunzi wengi hukimbilia mtandaoni na kurudi na Tshombe, yule kiongozi wa Katanga ilipojitenga na Kongo, na bendera tu.

Nendeni Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Profesa Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kwa miaka mingi masimulizi ya wakaaji wa mji huu: kazi, nyumba, jikoni, mambo ya kila siku. Ulizeni pia maandishi ya André Yav ya mwaka 1965. Ni historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa majumbani, wale waliopika na kufua kwa wazungu. Ukisoma kwa sauti unasikia babu wa mtu anaongea. Na tafuteni michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi miaka ya 1970 kwa ajili ya kuta za sebule za watu wa kawaida.

Kuhusu msalaba wa shaba: wazo ni zuri, ila mjue mnachokishika. Watu wa eneo hili walikuwa wakiyeyusha shaba na kumimina misalaba hiyo karne nyingi kabla ya Mbelgiji. Lakini mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake. Mtazamaji mmoja ataona kazi ya mikono ya babu zake, mwingine ataona siasa na kufunga masikio kabla babu yako hajafungua mdomo. Mimi ningeuweka katikati ya filamu, baada ya sisi kumpenda mzee.

Pia msisahau Walamba. Reli ilipofika kutoka kusini mwaka 1910 na tanuru kuanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, ardhi hii ilikuwa na wenyewe. Filamu nyingi juu ya mji huu zinaanza na treni kana kwamba palikuwa patupu. Mtu mmoja tu wa Kilamba, dakika moja tu, hubadilisha swali la nani mwenyeji na nani mgeni.

mwana_kamalondo

Mama, yaya, mukubwa, asanteni kutoka moyoni. Nimefanya kama mlivyosema. Jumapili nilikwenda kwa babu mikono mitupu, nikamuuliza tu nani alikaa nyumba ya kushoto alipokuwa mtoto.

Aliongea saa mbili. Nyumba ya kushoto alikaa Mlunda aliyecheza akodioni, na babu alijifunza Kiswahili kwa watoto wake kabla ya kujua Tshiluba, lugha ya Kasai ya baba yake, vizuri. Kisha akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku la bati. Sikuwahi kuliona. Juu ya kifuniko kuna herufi za rangi nyeupe, karibu zimefutika: E'VILLE, yaani Élisabethville, na chini yake namba ya kazi ya baba yake. Alipitisha kidole juu ya namba akaitaja kwa Kifaransa, tarakimu moja moja, bila kuisoma.

Kuhusu 1992 alisema sentensi moja tu, na hiyo siiandiki hapa mpaka aniruhusu.

Msalaba umehamia katikati. Tunaanza na sanduku. Tumeshapata barua ya shule, na mwenzetu mmoja ana mama mkwe wa Kilamba ambaye amekubali tumtembelee, bila kamera kwanza. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunarudi kwa babu na maikrofoni. Ameomba tusifungue sanduku mpaka bibi awepo, kwa sababu nusu ya vitu vilivyomo ni vyake.