Naomba ushauri: ngao ya rashasha kwenye modeli ya M113

Wakuu, naunda modeli ya M113, gari la deraya la kubebea askari, ya jeshi la Vietnam Kusini, kipimo cha 1:35, na nimekwama kwenye bunduki ya juu.

Rashasha ya M2 ya milimita 12.7 ilikaa pale kwa kamanda bila kinga yoyote. Mpigaji alisimama kifua wazi. Kwenye mapigano ya Ap Bac, Vietnam Kusini, tarehe 2 Januari 1963, wapigaji 14 waliuawa hivyo. Ndiyo maana kazi hii nataka niifanye kwa heshima. Baadaye mafundi wakachomelea ngao, za mwanzo kwa chuma cha meli iliyozama. Risasi zikazitoboa, wakahamia kwenye vyuma vya magari ya deraya yaliyoharibika.

Nataka ngao hiyo ya mwanzo, si ile nadhifu ya Wamarekani iliyofuata. Nimekata plastiki ya nusu milimita, ambayo kwa kipimo hiki ni kama milimita 17 halisi. Nahofia ni nene mno, na kingo zimenyooka kama za kiwandani. Mishono ya kuchomelea mnaitengenezaje? Nimejaribu uzi na gundi, ukavimba. Mwenye picha ya upande wa ndani, inayoonyesha ngao ilivyofungwa kwenye kishikilio cha bunduki, naomba anisaidie.