Laptopu mpya lakini Wi-Fi inajikokota, naombeni msaada

Binti wa Kihesa
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie, keshokutwa natakiwa kutuma kazi. Wiki iliyopita nimenunua laptopu mpya, Windows 11. Nahariri sauti za mahojiano, mafaili makubwa, bila intaneti sina kazi. Nyumbani tuna faiba ya 20 Mbps. Simu nikiipima hapa hapa mezani inasoma 18, laptopu ya zamani 17. Hii mpya inasoma 1.6, mara 2, mara inagoma kabisa. Ruta nimezima na kuwasha, Wi-Fi nimeifuta na kuiunganisha upya, wapi! Aliyeniuzia anasema mtandao wetu ndio mbovu. Niirudishe? Hela yenyewe nimedunduliza miezi 7.

Kaka Modemu
Pole dada. Usiirudishe kwanza. Laptopu ikiwa mpya, Windows hushusha masasisho kimyakimya na kumaliza kasi yote. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, angalia safu ya mtandao ujue programu gani inakula. Kisha fungua dirisha la amri, andika `netsh wlan show interfaces`, utuletee inachosema.

Binti wa Kihesa
Asante kaka. Masasisho nimeyasitisha, hakuna kinachokula. Amri imeleta: aina ya Wi-Fi 802.11n, chaneli 6, nguvu ya mawimbi 88%. Kasi ya kupokea kutoka kwenye ruta inaanza 144, baada ya dakika moja inaporomoka hadi 13. Ruta yetu ni ya zamani, ina masafa ya 2.4 GHz tu.

Tumaini86
Draiva hiyo, yaani programu inayoiendesha kadi ya Wi-Fi. Ichukue kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yenyewe, usitegemee ile iliyokuja na Windows. Kwenye mipangilio ya umeme uizuie isiibanie kadi ya Wi-Fi. Chaneli nayo jaribu 1 au 11, kwenye 2.4 GHz hizo pamoja na 6 ndizo zisizokanyagana. Majirani wengi wanarundikana kwenye 6.

Binti wa Kihesa
Nimefanya yote. Chaneli 11 ilipanda hadi 3 nikafurahi, ikarudi 1.8. Jamani nimechoka.

Mzee wa Nyaya
Binti yangu, tulia. Mawimbi 88% halafu kasi inaporomoka? Hapo laptopu inaipata ruta vizuri, ila kuna kelele jirani inayoharibu mazungumzo, kila kitu kinarudiwa mara mbili tatu. Umechomeka nini kwenye hiyo laptopu?

Binti wa Kihesa
Shikamoo mzee. Kuna eksteno tu, ile diski ya nje, nahamisha kazi zangu za zamani tangu Jumamosi, kama GB 600. Waya wake mfupi, nimeilaza pembeni kushoto, inagusana na skrini.

Mzee wa Nyaya
Marahaba. Basi mchawi ndiye huyo. USB 3, ambayo eksteno yako inaitumia, ikisafirisha data inatoa kelele ya redio, na kelele hiyo inamwagikia kwenye 2.4 GHz, pale pale Wi-Fi yako ilipo. Intel waliliandikia hili mwaka 2012, si hadithi za mtaani. Antena za laptopu nyingi zimo kwenye fremu ya skrini, na wewe umeiegemeza eksteno hapo hapo. Simamisha uhamishaji, itoe kwa usalama, pima tena.

Binti wa Kihesa
Mzee!! 17.8! Nimeichomeka tena, nikaanza kuhamisha: 2.1. Nimeitoa: 18. Nimerudia mara tatu, jibu lile lile. Kumbe ndiyo maana hata kipanya changu kisicho na waya kilikuwa kinarukaruka, nikadhani betri.

Mzee wa Nyaya
Kipanya nacho kiko kwenye 2.4 GHz, kinaumia vilevile. Tafuta waya wa USB 3 wenye kinga nzuri, mrefu kidogo, eksteno ikae nusu mita au zaidi kutoka kwenye laptopu. Ukiwa na haraka na intaneti, usiichomeke kabisa. Ukijaliwa ruta yenye 5 GHz, laptopu ihamie huko, kelele hii haitakusumbua tena. Laptopu yako nzima, dada, usiirudishe.

Kaka Modemu
Mzee heshima yako. Hili la eksteno lisingenijia kabisa.

Binti wa Kihesa
Asanteni sana, Mungu awabariki. Eksteno nimeiweka kabatini mpaka usiku nikimaliza. Kazi inapanda sasa hivi, imefika 41%.