Jirani kaua bundi kwa sumu ya panya alafu anasema "afadhali". Hivi nani anaamua mnyama gani wa kuuliwa?

Wakuu habari zenu, naomba mnivumilie maana naandika nikiwa na hasira toka juzi asubuhi na nisipoitoa hapa ntaenda kuitoa kwa mtu mzima kwa namna isiyofaa.

Nyuma ya nyumba kuna mti mkubwa wenye tundu juu, na humo walikuwa wanakaa bundi wawili, wale weupe usoni, uso kama umechorwa umbo la moyo. Juzi nimetoka kuanika nguo nikamkuta mmoja yuko chini, kifudifudi, mabawa kayatandaza, damu kidogo imekaukia puani. Nikavaa mfuko mkononi nikamgeuza. Mwepesi ajabu. Yaani ndege anaeonekana mkubwa vile akipita juu ya paa usiku, ukimshika unashika manyoya tu.

Na nilijua kilichomuua kabla hata sijamgeuza, maana siku mbili nyuma niliona panya anatembea ukutani mchana kweupe, polepole kama mlevi, hata nilipopiga makofi hakukimbia. Panya mzima hafanyi hivyo. Yule alishakula sumu.

Nikamfuata jirani. Shikamoo, marahaba, mzee samahani, umeweka sumu? Akasema ndiyo, nimeweka kila kona, panya wamezidi. Nikamwambia mzee yule bundi wa mtini kafa. Akanijibu neno moja, "afadhali". Nikamuuliza afadhali kwa nini, alikufanya nini? Akasema lile dege baya, linalia usiku, na ndo hao hao wote tu, panya, bundi, chura, mijusi, wadudu waharibifu, uwanja unatakiwa uwe msafi.

Wadudu waharibifu. Bundi!

Ngoja niwaambie alichokuwa anafanya huyo mharibifu. Bundi hatafuni, anameza panya mzima alafu mifupa na manyoya anayatapika yakiwa yamejiviringa kama kidonge kikubwa cheusi. Chini ya ule mti viko vingi tu. Mwezi uliopita nilikivunja kimoja kwa kijiti, nikatoa mafuvu matatu ya panya, madogo, meno ya mbele ya njano bado yamekaa. Kidonge kimoja hicho. Na wakiwa na makinda wanabeba usiku kucha, nimekaa dirishani nimewaona, mmoja anaingia mwingine anatoka. Sasa mtu ana shida ya panya alafu anaua anaekula panya, anafurahi!

Hii sumu yenyewe watu wanainunua bila kujua inavyofanya kazi. Nyingi ya hizi zinazouzwa zinazuia damu kuganda, mnyama anavuja damu ndani kwa ndani, na haiui papo hapo, inachukua siku kadhaa. Imefanywa hivyo makusudi kwa sababu panya ni mjanja, mwenzie akila kitu akafa hapo hapo hawakigusi tena. Kwa hiyo siku zote hizo anazunguka na sumu tumboni, amelegea, anatoka mchana, na ndo anakuwa mteremko kwa bundi, kwa paka, kwa nguchiro, kwa mbwa wako. Na zile kali za siku hizi zinakaa kwenye ini la aliyemla miezi, zinajilimbikiza, leo kala mmoja kesho wa pili. Warfarin, ambayo hospitali wanawapa watu wenye matatizo ya damu kuganda, ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na kufika 1958 huko Uskoti walishapatikana panya isiowadhuru. Ndo maana wakatengeneza kali zaidi. Panya wakazoea, bundi hawakuzoea.

Alafu fanyeni hesabu ya kuzaliana. Panya jike mimba yake wiki tatu, anatoa sita, nane, hata kumi na mbili, na hao watoto miezi miwili mitatu nao wanazaa. Bundi anaatamia kama mwezi mzima, makinda wanakaa tunduni karibu miezi miwili, na si wote wanapona. Ukiwaua wote kwa mpigo nani anarudi kwanza? Mnajua jibu. Mi nalijua kwa masikio, jana usiku darini kwangu ilikuwa ni mbio tupu.

Na msije mkaniambia mi ni wale wa kuhurumia kila kitu. Panya namuua. Anatafuna nyaya, anakojolea vyakula na mkojo wake unaambukiza magonjwa, sina huruma nae hata kidogo, ila natumia mtego wa kubana, naziba matundu (kapanya kadogo kanapita kwenye tundu unalopitisha kalamu, watu hawaamini), na takataka zinafunikwa. Mende naua. Mbu naua. Mchwa wakianza kupanda kwenye nguzo ya nyumba nawachimba. Mi ninachopinga ni mtu kukaa barazani akaamua huyu afe kwa sababu sura yake mbaya.

Maana ndo kipimo kinachotumika, msibishe. Chura anamwagiwa chumvi, mmeshaona chura akimwagiwa chumvi? Ngozi yake inapitisha maji, sasa chumvi inamnyonya maji akiwa hai, anajikunja, anajikuna na miguu ya nyuma, inachukua muda. Kosa lake ngozi ya vipele. Wakati usiku kucha kazi yake ni kula wadudu pale pale chini ya taa yako. Mjusi kafiri anapigwa na ndala ukutani, hana sumu, anakula mbu na nondo, kosa lake anatelezateleza na ana macho makubwa. Popo wanachomewa moto, na wengi wao ni wala wadudu.

Nyoka sasa, hapa najua ntapigwa mawe. Siwezi kusema muachie nyoka yeyote uani kwenye watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, si mchezo. Lakini duniani kuna aina kama 4,000 za nyoka na wenye sumu ni kama 600, waliobaki hawana, na kinachowaleta uani mara nyingi ni hao hao panya. Na wapo wanaogongwa pale wanapomfuata na fimbo. Kama humjui ni nyoka gani, rudi nyuma, ita mtu anaejua kumtoa, usijifanye shujaa na jembe mkononi.

Tena haya ya kuhukumu mnyama kwa kumtazama yalishafanyika kwa nchi nzima. China mwaka 1958 serikali ilitangaza vita na viumbe wanne, panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro kosa lake anakula nafaka. Watu wakatoka na masufuria wakapiga kelele ndege wasitue mpaka waanguke kwa kuchoka, viota vikavunjwa. Kilichosahaulika ni kwamba shomoro makinda yake anayalisha wadudu. Wadudu wakajaa mashambani, mavuno yakaliwa, na njaa kubwa ya miaka ile ikawa na sababu nyingi lakini hilo likawa moja wapo. 1960 wakamtoa shomoro kwenye orodha wakamuweka kunguni. Serikali nzima iligundua imekosea, mzee wangu hapa na pakiti zake hataki hata kusikiliza dakika mbili.

Ndo nachouliza kabla ya kuua, huyu kaniharibia kitu gani nilichokiona kwa macho yangu? Sio nilichosimuliwa. Na akiondoka, anaokula wao nani atawala? Jirani hakuuliza hata moja, na sumu yake haijaishia kwake, imekuja kuua kwangu, kwenye mti wangu.

Yule bundi nimemfukia shimo refu ili paka asimfukue akala. Mwenzie bado yupo. Jana kakaa kwenye tawi lile lile toka giza linaingia, anatoa ule mlio wao wa kukwaruza, ananyamaza, anatoa tena, mpaka nikafunga dirisha. Na leo nimeona jirani karudi na pakiti nyingine mpya.

Kesho jioni naenda kwake tena. Nimeshanunua mitego sita nimpelekee, nimsaidie na kuziba matundu mwenyewe kwa mikono yangu, akubali tu kuokota zile sumu. Kuna aliewahi kumshawishi mtu mzima kwenye jambo kama hili bila kuvunja ujirani? Nianzie wapi? Na kama kuna daktari wa mifugo humu, huyu bundi aliyebaki kama nae keshakula, kuna kinachoweza kufanyika au nimechelewa?