Aplikesheni yangu ya kuunganisha wanachuo na miradi: wanaipakua, wanaifuta. Nakosea wapi?

Kobe wa Moro: Wakuu, heshima kwenu. Nipo mwaka wa tatu, Morogoro. Nimetengeneza aplikesheni ya Android: mwenye mradi anaweka kazi, iwe kukusanya takwimu au kutengeneza mfumo wa duka, mwanachuo anaomba. Niliwapa thelathini darasani. Wiki imeisha wamebaki wanne. Mmoja aliifungua mbele yangu. Ikamdai jina, namba ya usajili ya chuo, kozi, picha. Akaniuliza, "Kwani hii ni fomu ya mkopo?" Akafuta palepale. Niiweke Play Store hivyohivyo au nisubiri?

Fundi Bando: Huyo jamaa keshakupa ushauri bure. Onyesha miradi kwanza, usajili uje akibonyeza "Omba". Ina MB ngapi?

Kobe wa Moro: 61, mkuu.

Fundi Bando: Bumu lenyewe, hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia, wewe unataka MB 61! Toa hizo picha za mapambo.

Mama Takwimu: Mdogo wangu, mimi ni mtoa kazi. Nilitangaza kwenye kundi la WhatsApp nahitaji wawili wa kuchukua bei sokoni. Zikaja meseji zaidi ya sabini, zote "nipo tayari". Tayari kwa lipi? Wanachuo ninao tele, kuwachuja ndiko kunakonitoa jasho. Niwekee nafasi ya kumuuliza mwombaji maswali mawili, nahamia kwako kesho. Na malipo yaandikwe: kiasi gani, lini. Kama ni kujitolea, iandikwe kujitolea.

Mzee wa Kodi: Play Store ada ni dola 25, unalipa mara moja. Ila akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipate wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo, kwa hiyo hao wanne hawakufikishi. Halafu hiyo namba ya usajili unaitakia nini? Kasome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla hujarundika taarifa za watoto wa watu.

Chawa Mstaafu: Mkitajirika mnikumbuke.

Kobe wa Moro: Namba ya usajili naitoa leo. Dada Takwimu, hayo maswali mawili ungeuliza nini?

Mama Takwimu: Saa kumi na moja alfajiri unaweza kuwa Soko la Mawenzi? Na simu yako inakaa na chaji mpaka saa ngapi?