Mjadala: Chupa za plastiki zikiwekewa dhamana Lubumbashi, nani azipokee na wapi?

Mwanzisha mjadala

Tuseme jimbo letu la Haut-Katanga, huku Kongo, limeamua: kila chupa ya plastiki na kila kopo la kinywaji kinachouzwa Lubumbashi viwe na dhamana. Unanunua soda, unaongeza franka kidogo juu ya bei, ukirudisha chupa tupu unapewa franka zako. Kama wazo lenyewe ni zuri tusipoteze muda, kila mtu ameona mifereji ya mitaa yetu ya Kenya na Katuba mvua ya Desemba ikichachamaa. Ninachouliza ni hiki: chupa itarudishwa wapi, na nani atashika zile pesa?

Msimamo wangu nautoa mapema. Chupa zirudi kwenye depo za bia na maduka ya mtaani, si kwenye vituo vipya vya kampuni iliyojipatia mkataba. Na pesa zisikae kwa watengenezaji wa vinywaji.

Depo wanaijua kazi hii. Bia za Simba na Tembo za chupa ya kioo zinauzwa hivyo tangu zamani: huna vidange (chupa tupu), hupati kazie (kreti), ama ulipe vidange kwanza. Hakuna aliyeitiwa semina. Hata matangani, wajomba wakiwa wanagombana, kuna mtu mmoja pembeni anahesabu vidange.

Tuangalie waliotangulia. Ujerumani, dhamana ya chupa ya kutumia mara moja ilianza 2003, leo ni senti 25 za euro, na duka linaloiuza lazima liipokee. Duka la chini ya mita za mraba 200 linaruhusiwa kupokea chapa linazouza tu. Jimbo la Victoria, Australia, lilipita njia nyingine Novemba 2023. Lilijikata kanda tatu, kila kanda na mwendeshaji wake wa vituo: TOMRA Cleanaway, Visy na Return-It. Juu yao kuna mratibu, VicReturn, anayekusanya pesa kwa wenye vinywaji na kuwalipa waendeshaji. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini jirani zao wa New South Wales walipoanza Desemba 2017, kilio kilikuwa vituo vichache: bei imeshapanda dukani, pa kurudishia ni mbali. Na wale wana magari. Mama wa Ruashi apande teksi-basi na gunia la chupa?

Halafu pesa. Chupa zote hazitarudi, hilo tulijue. Dhamana za zilizopotea ni za nani? Ujerumani zinabaki kwa kampuni. Norway zinaingia kuendesha mfumo wenyewe, chini ya Infinitum, ambayo ni mali ya watengenezaji na wenye maduka pamoja. Tukifuata Ujerumani hapa kwetu, kampuni itachekelea kila chupa inayoishia mtoni.

Mwenye depo, Katuba

Ndugu, umetupa kazi bila kutuuliza. Vidange ya kioo inarudi kwa sababu kiwanda kinaihitaji. Lori linashusha bia, linapakia tupu, linaondoka. Plastiki nani anaihitaji? Lori gani litakuja kuichukua? Kazie napanga moja juu ya nyingine mpaka darini. Gunia la plastiki ni hewa tupu, magunia machache tu chumba kimejaa. Halafu nimewalipa watoto asubuhi nzima kwa noti zangu, lori likawie wiki mbili, mtaji wangu wote umelala ndani ya magunia. Hapana.

Mama wa munkoyo, soko la Kenya

Miye niko nauzisha munkoyo, kinywaji ya mahindi. Ile chupa munaita takataka, batoto banailetea miye, ninalipa. Ninatia muchanga kiloko na sabuni, ninatikisa, ninasukula. Sasa mukiweka bei yenu ya serikali, miye nitatoa wapi chupa? Bei ya munkoyo itapanda, na muteja wangu ni mutu wa kusukuma pusupusu, haiko meya.

Mfanyabiashara wa Kasumbalesa

Mmesahau mpaka. Chupa za Zambia, ambazo hakuna aliyezilipia dhamana, zitavuka kuja kudai pesa Lubumbashi. Ujerumani waliweka alama maalumu kwenye lebo na mashine inaisoma. Depo ya Katuba ataisoma nani, na umeme ukikatika? Dhamana ikiwa ndogo hakuna atakayeinama kuokota. Ikiwa kubwa, malori yatapanga foleni. Makopo yaacheni kabisa, wanaosubu masufuria wanayanunua tayari.

Mwanafunzi, Kampemba

Agizo la 30 Desemba 2017 lilikataza mifuko na sashe za plastiki nchi nzima. Leo jioni nitanunua maji ya sashe bila kuvuka barabara. Ni serikali hiyo hiyo mnayoingojea?

Mwanzisha mjadala

Mwanafunzi, katazo halimlipi mtu yeyote, ndiyo maana limekufa. Dhamana inamlipa anayeokota, na huyo hangoji polisi.

Wa Kasumbalesa, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote. Jibu langu ni kuanza na vinywaji vinavyojazwa hapa hapa mjini tu, vyenye alama inayoonekana kwa macho. Vya kutoka nje vilipiwe dhamana forodhani baadaye, tukishajua mfumo unasimama. Makopo nakubali, yabaki kwa wasubu.

Mama, hakuna atakayekulazimisha kuirudisha chupa. Ila utaipata kwa bei ya dhamana, na hilo sitakudanganya: litakuuma.

Papa wa depo, umesema kweli kuhusu lori. Norway duka linalipwa ada kwa kila chupa linayopokea, mbali na dhamana yenyewe. Ada hiyo itoke kwenye dhamana za chupa zisizorudi. Ndiyo sababu sitaki pesa zikae kwa kampuni.

Mwenye depo, Katuba

Hapo sasa tunaongea. Nataka mambo matatu kwenye mkataba. Pesa ya kuzungushia nipewe kabla ya kazi kuanza, si baadaye. Siku ya lori iandikwe, lisipofika nalipwa fidia ya nafasi. Na nihesabu kwa kumikumi, kwa sababu noti ndogo hazipo na sitarudisha chenji ya bonboni (peremende). Mkikataa moja, mtafuteni huyo wa Victoria.